Bwana Kizibo na Maji ya Kishanda

Daktari Thornbury alikuwa mjinga. Naanza hapo ili msomaji asipoteze muda wake kumtafutia sifa. Alikuwa na digrii mbili, darubini tatu, na sanduku la vipimo lililofunikwa kwa ngozi, na vyote hivyo vilimsaidia kuwa mjinga kwa uhakika, hadi desimali ya tatu. Watu wa Bukoba walimwita Bwana Kizibo, maana kutwa nzima kelele zake zilikuwa za vizibo tu: nani amelegeza kizibo, kizibo gani kimepasuka, mbona hiki kina unyevu. Hata mkewe, siku alizokuja kumtembelea na mwavuli wake, alipigiwa kelele kwa ajili ya kizibo cha chupa ya chai.

Mimi nilikuwa msaidizi wake, mwaka 1951 na mwaka uliofuata, katika kibanda cha mabati karibu na ziwa ambacho yeye alikiita maabara. Jina langu ni Mujuni. Alilijua, kwa kuwa aliniandikia mwenyewe kibali cha kazi, lakini aliniita Mikono. "Mikono, lete barafu." "Mikono, osha chupa." Anayetaka kujua dharau ni nini asihangaike na vitabu. Aitwe kwa kiungo chake kimoja miaka miwili, atajua.

Kazi yetu ilikuwa kuyeyusha gesi ndani ya vimiminika. Sukari huyeyuka ndani ya chai, hilo hata mtoto analijua. Gesi nayo huyeyuka, ingawa huioni. Gesi yetu iliitwa radoni; inazaliwa na radiamu, inatoa miale, na kila siku nne nusu yake hufa, upende usipende. Bwana Kizibo alinieleza, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi, kwamba ni ya jamii ya gesi za kifalme, kwa sababu haziungani na kitu kingine chochote. Nilimwelewa mara moja. Sisi tunao Wahinda, ukoo wa watawala wetu: wanaishi katikati yetu, wanakunywa olubisi, pombe ya ndizi tunayoikamua sisi, na bado hawajichanganyi na mtu. Alitaka kujua maji hubeba gesi hiyo kiasi gani, mafuta kiasi gani, damu ya ng'ombe kiasi gani, ili madaktari wa kwao wajue mtu akiivuta inakaa wapi mwilini.

Radiamu aliyokuwa nayo ilikuwa ndogo kama punje ya mtama, ndani ya kasha zito la risasi. Gesi niliitoa kashani mimi. Niliipitisha kwenye maji niliyoyapoza, maana maji baridi huishika gesi na maji ya moto huifukuza. Nilitikisa chupa nikihesabu hadi mia mbili, nikaijaza mpaka kwenye mdomo pasibaki nafasi hata ya mbu, kwa kuwa ukiiachia gesi nafasi juu ya maji itahamia huko, na ukifungua tu imekuaga. Kisha tukapima. Kipimo kilikuwa chungu cha shaba chenye jani la dhahabu ndani yake. Jani likitiwa umeme husimama; gesi ikiingia, jani huanguka. Gesi ikiwa nyingi linaanguka upesi. Gesi ikiwa kidogo linajivuta kama mtu aliyeitwa barazani kwa mkungu, mkuu wa kijiji.

Yote hayo yalifanywa na mikono hii. Mikono yake yeye ilikuwa ikitetemeka kuanzia saa nne asubuhi, kwa sababu ambazo chupa zake za nyumbani zingeweza kuzieleza. Mimi ndiye niliyegundua kwamba mafuta ya karanga hunywa gesi zaidi ya mara mia kuliko maji. Niliandika namba, yeye akaweka sahihi.

Tatizo lilikuwa ile punje. Haikumtosha. Aliomba radiamu nyingine, serikali ikamnyima, na kwa wiki mbili alitembea ufukweni akipiga teke mawe. Halafu akapata barua. Mpima miamba fulani, miaka mingi nyuma, aliandika kwamba huko Kishanda, upande wa Muleba, kuna chemchemi inayotoka chini ya jabali, na maji yake yamejaa gesi ileile, bure, mchana na usiku. Bwana Kizibo alikaribia kucheza ngoma. Lakini gesi hufa njiani, kwa hiyo akapanga hivi: maji yapimwe kwanza Bukoba. Yakionekana yana nguvu, maabara ihamie palepale chemchemi, pajengwe nyumba ya mawe, nyumba ya bwana, barabara, na waya kuzunguka vyote. Yakionekana dhaifu, angefunga mizigo akamalizie utafiti wake Entebbe kwa radiamu ya kuazima.

Ramani nilichora mimi. Duara jekundu la eneo litakalochukuliwa nilichora mimi pia, kwa bikari, na mkono haukutetemeka. Duara hilo lilikimeza kibanja chetu chote, kuanzia mgomba wa kwanza hadi wa mwisho.

Baba yangu amezikwa katika kibanja hicho, na babu, na baba yake babu. Aliyekuwa akikitunza ni shangazi yangu Anatolia, dada wa baba, aliyerudi kutoka kwa mume bila mtoto na kunikuta mimi sina mama. Alinilea. Alipalilia migomba ile kwa jembe lililolika likabaki kama kijiko, akapukuchua buni usiku na mchana ili nisome kwa mapadri. Kwa haki kibanja kilikuwa changu. Kwa jasho kilikuwa chake.

Nilikwenda kumwambia. Nilimkuta akitandaza nyasi kavu chini ya migomba. Aliniletea kibuyu cha olubisi, na akanipa moja kwa moja. Kwetu mwenye nyumba huionja pombe kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni aone kwamba haina sumu. Mtoto wa nyumbani haonjewi, anapewa anakunywa.

"Kwa hiyo wanataka maji yetu," alisema.

"Wanataka gesi iliyo ndani ya maji, shangazi."

"Tumeyanywa tangu enzi za babu yako, hatukuiona."

"Haionekani."

"Na mzungu anaiona?"

"Haioni. Anaangalia jani likianguka."

Alicheka hadi akashika kiuno. Alikuwa na kicheko cha kuwadharau wakubwa wote wa dunia, na mimi nadhani nilikirithi kwake, ila yeye alijua pa kukiacha. Kisha akauliza, "Sasa jani lisipoanguka?"

"Ataondoka zake."

"Na likianguka?"

"Watazungusha waya. Wewe watakupa eneo huko rweya."

Rweya ni nyika yetu, nyasi na mawe, mahali pa kulishia ng'ombe. Mgomba ukiupanda huko unakufa kwa aibu. Shangazi aligeuka akatazama upande wa makaburi, akang'oa jani kavu kwenye mgomba uliokuwa karibu.

"Basi lisianguke, mwana wange," alisema.

Hakuniomba chochote. Alilisema tu, akaniongeza olubisi.

Kazi ya kuchota maji alipewa Kagaruki, mtu wa Maruku mwenye shingo nene, pamoja na wenzake watatu. Niliwaonyesha kwenye pipa: chupa izamishwe, ijae ikiwa chini ya maji, kizibo kikazwe kabla haijatoka. Waliitikia kwa vichwa kama wanafunzi wa ubatizo. Walikwenda Kishanda, wakashuka na makasha kichwani hadi barabarani Muleba, wakapanda lori la kahawa, wakafika Bukoba na chupa zimejaa pomoni. Bwana Kizibo alizipanga mezani akazikagua shingo moja moja. Hazikupungua hata tone. Aliwasifu, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Tukapima. Jani lilichukua dakika kumi na tisa. Maji niliyoyatengeneza mimi kwa ile punje yaliliangusha kwa dakika mbili.

Akawatuma tena. Dakika ishirini na mbili. Mara ya tatu, ishirini kasoro. Maji ya Kishanda hayakuwa na nguvu kuliko maji ya bomba. Bwana Kizibo alimtukana mpima miamba, akalitukana jabali, akanitukana mimi. Nilifurahi moyoni, nikaona Mungu ametusaidia, nikamtumia shangazi salamu kwamba jani limekataa.

Mara ya nne alinituma niongozane nao, nihakikishe hawachoti kwenye dimbwi la njiani. Hawakuchota kwenye dimbwi. Walichota kwenye chemchemi, chini ya maji, vizibo vimekazwa, vizuri kuliko nilivyotarajia. Tukaanza kushuka. Jua lilikuwa kali, makasha yakicheza vichwani. Kilima cha kwanza tulipopumzika, Kagaruki alitua kasha lake, akainua chupa moja juani, akaitazama ilivyojaa mapovu, akakilegeza kizibo. Ikatoa pumzi, pss. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, na wenzake nao, kila mtu na kasha lake, bila haraka, kama watu wanaosali rozari.

"Mnafanya nini?" niliuliza.

"Tunaipumzisha," alisema Kagaruki. "Huoni inavyochemka? Mzungu amesahau kuiachia nafasi. Ukiikaza hivi itakupasukia kichwani. Mimi nimebeba olubisi tangu sijaota ndevu, nimepeleka mahari za watu kuanzia Kaagya hadi huku, sijawahi kuvunja kibuyu."

"Haya ni maji."

"Maji gani yana povu, Mujuni? Kuna kitu kinafanya kazi humo ndani."

Ndivyo walivyofanya kila walipopumzika, mara tano hadi Muleba. Yale mapovu hayakuwa radoni, yalikuwa hewa ya kawaida tu, lakini radoni hupanda pamoja nayo, na kwa joto lile na mtikisiko ule haikubaki hata ya kunusa. Maji nayo yalipungua kidogo kila vizibo vilipolegezwa. Tulipofika Bukoba, kabla ya kuingia mjini, Kagaruki alishuka kwenye mto Kanoni akajazia kila chupa hadi mdomoni.

"Bwana anapenda ijae," alinieleza kwa upole, kana kwamba mimi ndiye mgeni wa nchi.

Nilicheka hadi machozi. Niliwacheka wapagazi kwanza, watu wazima wanaobembeleza maji kama pombe ya harusi. Kisha nikamcheka Bwana Kizibo. Mtu aliyeishi kwa ajili ya vizibo, na vizibo vyake vilikuwa vikifunguliwa mara tano njiani, halafu anapimishwa maji ya mto Kanoni kwa jani la dhahabu! Angeweza kuishi miaka mia na digrii zake asiligundue hilo, maana lilihitaji mtu aliyewahi kubeba kibuyu kwenda ukweni. Nilikuwa nalijua mimi peke yangu. Chemchemi yetu haikuwa dhaifu hata kidogo, na hakuna mtu angeijua nguvu yake ikiwa ningefunga mdomo.

Nikafunga mdomo. Siku tisa nzima nilifunga mdomo, na nakiri zilikuwa siku tamu. Alinifokea, nikamwitikia "Ndiyo, bwana," huku nikimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyevaa shati nyuma mbele. Alinitupia daftari, nikaliokota. Alitangaza kwamba Jumamosi atafunga faili la Kishanda. Nilihesabu siku.

Alhamisi alikuja mgeni kutoka Entebbe, mtaalamu mkubwa kuliko yeye, mzee mwembamba mwenye miwani na viatu vilivyopigwa rangi. Walikaa mezani wakinywa chai. Mimi nilikuwa kwenye beseni, hatua tatu kutoka kwao, naosha chupa. Walizungumza Kiingereza, na Bwana Kizibo hakushusha sauti, maana mtu hashushi sauti kwa sababu ya beseni.

"Chemchemi imekufa," alisema. "Au pengine haijafa. Pengine ni huyu." Alininyooshea kijiko cha chai. "Ukimfundisha atashika chupa bila kuivunja, hilo sikatai. Lakini kwamba ndani ya maji kuna kitu asichokiona, kinachoweza kuingia na kutoka, hilo haliwaingii hawa. Kwao maji ni maji. Mtanipatia mtu mwenye akili, nikija kwenu?"

Mgeni alinigeukia akanitazama. Hakuwa na ubaya usoni. Alinitazama kwa huruma kidogo, kama unavyomtazama ng'ombe uliyeambiwa ni tasa, kisha akarudia chai yake.

Sikuhitaji kufanya lolote. Naliandika hili wazi, nisije nikajidanganya uzeeni: sikuhitaji kufanya lolote. Chupa ilikuwa mkono wa kushoto, sabuni mkono wa kulia. Ningeosha chupa ile, na ya pili, na Jumamosi ingefika. Shangazi yangu angeendelea kutandaza nyasi. Bei ya kibanja chetu ilikuwa niendelee kuonekana mjinga kwa siku mbili, mbele ya mjinga na rafiki yake.

Niliiweka chupa chini, nikafuta mikono.

"Chemchemi haijafa," nilisema kwa Kiingereza, taratibu, na sarufi yangu ilikuwa safi kuliko chai yao. "Gesi inatoka njiani. Wapagazi wanalegeza vizibo wakipumzika, kwa sababu wanaona mapovu na wanadhani maji yanachacha. Wakikaribia mjini wanajazia kwa maji ya mto. Mnapima mto Kanoni. Chupa zikifungwa kwa nta zikiwa bado ndani ya maji, zikalazwa kichwa chini, zikafunikwa kwa magamba mabichi ya mgomba zisipate joto, mtaona jani linavyoanguka."

Kijiko kilibaki hewani. Mgeni alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akanitazama upya.

"Huyu ni nani?" alimwuliza Bwana Kizibo.

"Ni Mujuni," alijibu Bwana Kizibo, na uso wake ulikuwa mwekundu kama buni iliyoiva.

Nilifurahi. Siwezi kusema vingine. Sijawahi kufurahi vile tena, si siku ya ndoa yangu, si siku alipozaliwa mwanangu wa kwanza. Nilisimama pale na sabuni imenikaukia kwenye vidole, nikajiona mrefu kuliko kibanda.

Waliamua niende mwenyewe siku ileile, pamoja na Kagaruki, na chupa sita, na nta.

Mtu atasema, bado ulikuwa na nafasi. Ni kweli. Chemchemi ilikuwa mbele yangu, vizibo vilikuwa mikononi mwangu, hakuna mzungu aliyekuwa karibu. Ningekilegeza kila kizibo mara moja tu, pss, na kazi ingeishia hapo. Niliwaza hivyo nikiwa nimepiga magoti kwenye maji. Kisha nikawaza yule mzee wa Entebbe akiitazama saa yake, na jani likijivuta dakika ishirini, na Bwana Kizibo akitabasamu. Nikakaza.

Shangazi alisikia nimekuja, akashuka. Alifunga kanga yake kiunoni akasimama ukingoni.

"Umekuja kuyanyamazisha," alisema.

"Nimekuja kuyachota, shangazi."

Alidhani ninaficha kwa sababu ya Kagaruki aliyekuwa karibu. Alinikonyeza. Kisha akauliza ninahitaji nini, nikamwambia magamba mabichi ya mgomba. Hakuuliza ya nini. Alipanda kibanjani akakata mgomba mkubwa, ule uliokuwa jirani na kaburi la baba, akachambua magamba, akarudi nayo yakichuruzika maji. Alizifunga chupa zote sita kwa mikono yake mwenyewe, akazikaza kwa kamba za mgomba vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, akizipapasa kama vitoto vichanga.

"Mpelekee mzungu wako," alisema. Nikapeleka.

Njiani Kagaruki alilalamika kila kilima kwamba zitatupasukia. Nilimwita mshamba. Nilikaa juu ya makasha ndani ya lori hadi Bukoba, na hakuna aliyegusa kizibo.

Jani lilianguka kwa sekunde hamsini na moja. Tukarudia, hamsini na mbili. Mgeni alimpa mkono Bwana Kizibo, halafu akanipa mimi. Bwana Kizibo alipiga kelele za furaha akaniita Mujuni mbele ya watu wote, akanipiga bega. Ijumaa na Jumamosi niliitwa Mujuni. Jumatatu nilikuwa Mikono.

Taarifa ilichapishwa Uingereza miezi minane baadaye. Niliisoma nikifuta vumbi mezani kwake. Kuhusu vizibo ilikuwa na sentensi moja tu: matokeo yalibadilika baada ya mwandishi kurekebisha njia ya kuchota maji. Kuhusu mafuta ya karanga palikuwa na ukurasa mzima, na mimi sikuwemo hata kama mikono.

Wakati huo waya ulikuwa umeshazungushwa. Maabara ya Kishanda ilidumu mwaka mmoja na miezi miwili. Bwana Kizibo alipata mapafu mabaya akarudishwa kwao, Entebbe ikanunua radiamu ya kutosha, na chemchemi haikumfaa mtu tena. Nyumba ya mawe ikafungwa kwa kufuli, mlinzi akaachwa. Kibanja hakikurudishwa, maana karatasi ilikuwa imeshapigwa muhuri. Ukitaka kusafisha kaburi la baba yangu unaomba ruhusa kwa mlinzi, na mlinzi ni Kagaruki. Yule niliyemwita mshamba hakujua gesi ni nini, na kwa kutojua kwake alikilinda kibanja chetu safari nne. Mimi nilijua, nikakitoa kwa safari moja.

Siku ya kuhama nilikwenda kumbebea shangazi mizigo. Ilikuwa kidogo: jembe, vyungu viwili, mkeka, rozari, kikapu cha machipukizi ya migomba ya kwenda kufia rweya. Vigingi vya serikali vilikuwa vimeshapigwa katikati ya mibuni. Watu walikuwa wamemwambia kila kitu. Kagaruki hana kifua. Aliketi kwenye kizingiti, akanionyesha mahali pa kukaa.

"Yule mzungu alikuuliza?" alisema.

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana, shangazi."

"Alikutisha na kazi yako?"

"Hapana."

"Sasa alikufanya nini?"

"Alisema sijui kitu."

Alisubiri. Aliona lazima kuna lingine, akanipa muda wa kulitoa. Nzi alitembea kwenye goti lake na hakumfukuza.

"Basi?" aliuliza.

"Basi."

Alitikisa kichwa polepole. Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu, olubisi ya mwisho ya kibanja kile. Nilinyoosha mikono kukipokea kama nilivyokipokea tangu nikiwa mdogo. Hakunipa. Alisimama mbele yangu, akakiinua kibuyu mdomoni mwake, akaonja, akameza huku akinitazama ili nione kwamba haina sumu. Kisha akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote.

"Karibu," alisema.